Umri Hauhalalishi Presha

Siku hizi mtu hahitaji kwenda hospitali ndipo apimwe presha. Septemba 2023 Kenya ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wakapewa mikoba yenye mashine ya presha, mzani na kifaa cha kupimia sukari ili wapite nayo nyumba kwa nyumba. Januari 2024 Tanzania nayo ilizindua mpango wake wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga kuwafikisha 137,294, na kambi za kupima bure zimekuwa jambo la kawaida kwenye viwanja vya soko, nyua za misikiti na makanisa na mabanda ya maonyesho. Ni hatua kubwa, hasa tukikumbuka kwamba utafiti wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta zaidi ya nusu ya watu wazima, asilimia 56, hawajawahi kupimwa presha hata mara moja maishani. Lakini pamoja na vipimo limekuja jambo jingine ambalo halijajadiliwa vya kutosha. Kwenye simu za watu linazunguka jedwali la “presha ya kawaida kwa umri wako”, na nyuma yake kuna kanuni ya zamani ambayo hata baadhi ya watumishi wa afya bado huitaja: chukua 100, jumlisha umri wako, hiyo ndiyo namba ya juu unayoruhusiwa kuwa nayo. Jedwali hili linapokewa kama elimu. Kwa maoni yangu, linapotosha, na linapotosha kwa namna inayofundisha mengi kuhusu tunavyosoma namba za miili yetu.

Hoja yangu ni hii. Ni kweli kwamba vipimo vya presha, sukari, mafuta ya damu, figo na uzito hutofautiana kati ya kijana na mzee, na kati ya mwanamume na mwanamke. Lakini tofauti hizo zina asili mbili zisizofanana. Ziko zinazotokana na maumbile, kama vile wingi wa misuli, homoni na wingi wa damu, na kwa hizo ni haki kila kundi lisomwe kwa kipimo chake. Ziko nyingine ambazo ni uharibifu uliojikusanya mwaka baada ya mwaka, na hizo hazistahili kupewa kipimo chepesi kwa sababu tu zimekuwa za watu wengi. Tatizo letu ni kwamba tumezigeuza: tunausamehe uharibifu kwa jina la umri, na pale ambapo umri na jinsi vilipaswa kubadili tafsiri, tunavipuuza.

Nilikaa asubuhi moja kwenye kambi ya namna hiyo kando ya soko mjini Tanga. Fomu ilikuwa ukurasa mmoja: jina, umri, jinsi, uzito, urefu, presha, sukari. Bibi mmoja wa miaka 67 alipimwa akakutwa na 162/78. Kijana aliyekuwa akimpima aliitazama namba, akautazama umri, akamwambia, “Bibi, kwa umri wako hii ni nzuri, punguza chumvi tu.” Bibi akajibu, “Ahsante mwanangu,” akakunja karatasi na kuitia kwenye pindo la khanga. Aliyemfuata alikuwa dereva wa bodaboda mwenye miaka 29, mwembamba, akakutwa na 148/96. Alipoombwa apumzike dakika tano apimwe tena alicheka, “Dada, presha ni ya wazee, mashine yenu hiyo,” akaondoka kumfuata abiria. Wote wawili walikuwa wamevuka 140/90, mstari wa kutambua presha ya kupanda. Umri na jinsi vilikuwa vimeandikwa kwenye fomu zote mbili. Kwa bibi, umri ulitumika kumtuliza mtu ambaye hakupaswa kutulizwa. Kwa kijana ulitumika, na yeye mwenyewe, kukana namba iliyo mbele ya macho yake.

Ili kuona kosa liko wapi, tuitazame presha yenyewe. Namba ya juu ni msukumo wa damu moyo unapobana, na ya chini ni msukumo unaobaki moyo unapopumzika. Katika jamii nyingi za leo namba ya juu hupanda tangu ujanani hadi uzeeni, ilhali ya chini hupanda hadi mtu afikie miaka 50 au karibu na 60, kisha ikaanza kushuka. Sababu inajulikana. Mshipa mkuu unaotoka moyoni ukiwa mchanga hutanuka damu inapoingia kwa nguvu, kisha hujirudi polepole na kuendelea kuisukuma mbele. Miaka inavyopita ukuta wake hukakamaa. Mshipa uliokakamaa haulegei kupokea mshindo, hivyo namba ya juu hupaa. Na kwa kuwa haujirudi, hauna cha kuisukumia damu moyo unapopumzika, hivyo namba ya chini hushuka. Kwa hiyo ile 78 ya bibi, iliyoonekana kama habari njema, haikuwa habari njema. Pengo la 84 kati ya namba zake mbili ndilo lililokuwa likieleza hali ya mishipa yake.

Wanaotetea jedwali la umri wana ushahidi wa kuuweka mezani, na ni vyema kuutaja kwa uaminifu. Utafiti wa muda mrefu wa mji wa Framingham, Marekani, ulionyesha mwaka 2002 kwamba mtu aliyefikisha miaka 55 au 65 bila presha ya kupanda bado ana uwezekano wa takriban asilimia 90 wa kuipata katika maisha yaliyobaki. Kama watu tisa katika kumi watafika huko, wanasema, basi ndiyo hali ya kawaida ya mzee, na kumwita mgonjwa ni kuugeuza uzee wenyewe kuwa ugonjwa. Ninaiheshimu hofu iliyo nyuma ya hoja hii. Hata hivyo, hoja yenyewe inachanganya maana mbili za neno “kawaida”. Kilicho cha wengi si lazima kiwe salama, kama vile meno kung'oka uzeeni kulivyokuwa jambo la wengi kwa vizazi vingi bila mtu kusema kwamba ufizi mtupu ni afya. Mwaka huohuo wa 2002 yalichapishwa matokeo ya uchambuzi uliounganisha tafiti zenye jumla ya watu wazima wapatao milioni moja. Kati ya miaka 40 na 69, kila namba ya juu ilipoongezeka kwa 20, kuanzia chini kabisa kwenye 115, uwezekano wa kufa kwa kiharusi uliongezeka kwa zaidi ya maradufu. Kwa wenye miaka 80 na kuendelea uwiano huo ulipungua, lakini kwa kuwa kiharusi huua wazee wengi zaidi kuliko vijana, idadi ya vifo vinavyoongezwa na kila hatua ya presha ilikuwa kubwa zaidi kwao. Jedwali linalompa mzee nafasi pana zaidi linampa pale ambapo yuko hatarini zaidi.

Ushahidi unaonigusa zaidi uko hapahapa Afrika Mashariki, na ni ajabu kwamba tunausahau. Katika miaka ya 1960 watafiti waliwapima wafugaji wa kuhamahama wa kaskazini mwa Kenya, Wasamburu wakiwemo, wakakuta presha yao haipandi kwa umri kama ilivyo kwa watu wa mijini. Vijana wa Kisamburu waliojiunga na jeshi, wakala chakula cha kambini chenye chumvi nyingi zaidi, presha zao zilipanda. Mwaka 1990 ukachapishwa utafiti uliowafuata Waluo waliohama kutoka vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi. Tangu miezi ya mwanzo mjini presha zao zilikuwa juu kuliko za wenzao waliobaki kijijini, na chumvi katika mkojo wao ilikuwa imeongezeka. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi nao, walipopimwa na watafiti katika miaka ya karibuni, walikutwa na presha ya kupanda kwa nadra katika rika zote. Miili hii haina maumbile tofauti na yetu. Kama wazee wa jamii moja hufika miaka 60 na presha ya ujana wao, na watoto wao wakihamia mjini presha ikapanda kabla hata hawajazoea njia za mtaa, basi kinachopanda hakipandishwi na kalenda. Kalenda inahesabu tu muda ambao chumvi, unene, kukaa kitako na msongo vimekuwa vikifanya kazi yao.

Dhana nyingine ya jamaa hiyohiyo inahusu uzito. Tumezoea kusikia kwamba mtu akivuka miaka 30 au 40 mwili “hupunguza kasi” ya kuchoma chakula, na kwamba mwanamke akikoma hedhi ndiyo basi tena. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha vipimo vya matumizi ya nishati vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili na wingi wa misuli, matumizi hayo yalibaki palepale kuanzia miaka 20 hadi 60, kisha yakaanza kushuka kwa chini ya asilimia moja kwa mwaka. Kati ya wanaume na wanawake haikuonekana tofauti baada ya hesabu hiyo, wala umri wa kukoma hedhi haukuleta mporomoko. Kinachobadilika katika miaka ya 30 na 40 ni kazi tunayoifanya, misuli tunayoiacha inyauke na sahani tunayoijaza, na haya yote yanarekebishika kuliko umri.

Sasa nigeukie upande wa pili, ambako tofauti ni za maumbile na kuzipuuza ndilo kosa. Mfano ulio wazi kuliko yote ni kreatinini, kipimo cha figo ambacho karibu kila hospitali ya wilaya hukifanya. Kreatinini hutoka kwenye misuli, hivyo mwenye misuli mingi huizalisha kwa wingi hata kama figo zake ni nzima, na mwenye misuli michache huizalisha kidogo hata kama figo zake zimechoka. Chukua karatasi mbili za maabara zenye jibu moja: 100 kwa kipimo cha maikromoli kwa lita. Moja ni ya kijana wa kiume wa miaka 25, ya pili ni ya mama wa miaka 70. Kwa kanuni ya mwaka 2021 iitwayo CKD-EPI, inayotumia kreatinini, umri na jinsi, kasi ya kuchuja ya figo za kijana ni takriban mililita 92 kwa dakika, hali iliyo njema, na ya mama ni takriban 52, chini ya 60, ambayo ikidumu miezi mitatu huitwa ugonjwa sugu wa figo. Kwenye fomu nyingi namba hiyo 100 itawekewa alama ya kawaida kwa wote wawili. Na ni mama huyu, si yule kijana, ambaye magoti humpeleka duka la dawa kila wiki kununua diklofenaki, dawa inayozichosha zaidi figo ambazo hakuna aliyemwambia kwamba zimechoka. Hapa umri na jinsi havikupaswa kuwa safu za kujaza tu. Bila hivyo namba haina maana hata kidogo.

Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kile ambacho kliniki hukiita HbA1c, kina mtego wake. Kinapima sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, kwa hiyo chochote kinachobadili umri wa chembe hizo hubadili jibu. Upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma hulipandisha bila sukari kupanda. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2015–16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na kwa hiyo mwanamke wa umri huo anaweza kuambiwa anaelekea kwenye kisukari ilhali anachohitaji ni dawa ya kuongeza damu. Kwa wanaume mtego uko upande mwingine. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao umeenea katika nchi zenye malaria, hufupisha maisha ya chembe nyekundu na kulishusha jibu. Na kwa kuwa chembeuzi inayoubeba ni ile ya X, ambayo mwanamume anayo moja tu, wanaume ndio huathirika zaidi. Utafiti mkubwa wa mwaka 2017 ulikadiria kwamba miongoni mwa Wamarekani weusi, wanaume wenye badiliko hilo walikuwa na jibu lililo chini kwa takriban pointi 0.8 za asilimia, kiasi kinachotosha kumfanya mwenye kisukari aonekane mzima. Mstari wa asilimia 6.5, unaotambulisha kisukari, umechorwa pamoja kwa wote, lakini mwanamke na mwanamume hawaufikii kwa njia moja.

Hata sukari yenyewe ina sura mbili. Katika tafiti za nchi nyingi, wanaume wanaoelekea kwenye kisukari huwa na mwelekeo wa kuonyesha sukari iliyopanda asubuhi kabla ya kula, na wanawake huonyesha zaidi sukari iliyochelewa kushuka saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi. Sehemu ya sababu ni ya kimwili tu: gramu 75 ni nyingi kwa mwili mdogo kuliko kwa mwili mkubwa. Anayepima sukari ya asubuhi peke yake atawakosa wanawake wengi zaidi kuliko wanaume.

Kuhusu wanawake tumejijengea faraja isiyo na msingi imara. Ni kweli kwamba kabla ya miaka 50 mwanamke kwa wastani ana presha ya chini kuliko mwanamume wa rika lake, ana lehemu (kolesteroli) nzuri nyingi zaidi, na jongo humpata kwa nadra kwa sababu estrojeni husaidia figo kutoa asidi ya yuriki. Kinga hii ina mwisho. Utafiti wa Marekani uliowafuata wanawake kupita kipindi cha kukoma hedhi ulionyesha kwamba lehemu mbaya hupanda kwa ghafla ndani ya mwaka mmoja kabla na mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho, kuliko umri peke yake unavyoweza kueleza. Presha ya wanawake huifikia ya wanaume kuelekea miaka 60 na baadaye huipita. Zaidi ya hapo, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020 wa watu zaidi ya 32,000 ulionyesha kwamba presha ya wanawake, japokuwa huanzia chini, hupanda kwa kasi zaidi tangu miaka ya ishirini na kitu, muda mrefu kabla ya hedhi kukoma. Na mwanamke akishapata kisukari, sehemu kubwa ya kinga hiyo huyeyuka. Uchambuzi wa mwaka 2014 ulikuta kwamba kisukari huongeza hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa mwanamke kwa kiwango kinachozidi cha mwanamume kwa asilimia 44.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni kwamba mwili wa mwanamke hutoa onyo mapema, nasi tunalitupa. Mwanamke aliyepata presha ya ujauzito iliyoharibu figo au kuelekea kifafa cha mimba ana hatari ya takriban maradufu ya kuugua moyo baadaye, na aliyepata kisukari cha ujauzito ana uwezekano mara kadhaa zaidi wa kupata kisukari cha kudumu. Habari hizo ziliandikwa kwenye kadi yake ya kliniki ya wajawazito. Mtoto akizaliwa salama, kadi huwekwa kabatini pamoja na nguo za kwanza za mtoto, na miaka 20 baadaye mama anasimama mbele ya meza ya kambi ya upimaji bila mtu kumwuliza chochote kuhusu mimba zake. Hakuna kifaa kinachohitajika hapo. Ni swali moja tu.

Wanaume nao wamepewa upendeleo unaowadhuru. Mwaka 2006 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilipoweka vipimo vya kiuno, halikuwa na takwimu za kutosha kutoka Afrika kusini mwa Sahara, likaelekeza tutumie za Wazungu kwa muda: sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Muda huo ukawa mrefu. Mwaka 2018 uchambuzi wa Waafrika zaidi ya 24,000 ulitafuta ni kiuno gani hasa kinachoashiria hatari kwetu, ukapata takriban 81 kwa wanawake na 81 kwa wanaume vilevile. Kwa hiyo mwanamume wa Mombasa au Mwanza mwenye kiuno cha 90 anaambiwa bado ana nafasi, ilhali takwimu za kwao zinasema amevuka zamani. Nafasi hiyo ya sentimita 14 kati ya jinsi mbili tumeiazima, na pengine sehemu ya sababu ya tafiti zetu kuonyesha wanawake wengi kuliko wanaume wenye mkusanyiko wa dalili za hatari ni kwamba tumewapima kwa utepe mkali zaidi. Inaafikiana na jambo linalojulikana kutoka Scotland, ambako wanaume waligunduliwa na kisukari wakiwa na uwiano wa uzito kwa urefu ulio chini kuliko wa wanawake, 31.8 kwa 33.7, kwa kuwa mafuta yao hukimbilia tumboni na kwenye ini badala ya mapajani. Utafiti ule wa Kenya wa 2015 unaonyesha jambo hilohilo kwa sura nyingine: wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa zaidi ya maradufu ya wanaume, lakini presha ya kupanda ilimkuta karibu mwanamume mmoja katika kila wanne, na kwa wanawake ilikuwa chini kidogo ya hapo. Anayemtazama yule dereva wa bodaboda na wembamba wake asimwone mgonjwa amedanganywa na macho. Januari 2025 jopo la kimataifa la wataalamu 58, kupitia jarida la Lancet Diabetes & Endocrinology, lilipendekeza unene usipimwe tena kwa uwiano wa uzito na urefu peke yake, na kiuno kiwe miongoni mwa vipimo vya kuuthibitisha. Kwetu sisi pendekezo hilo litakuwa na faida endapo tu tutatumia namba za kwetu.

Zipo hoja mbili dhidi yangu ambazo ni nzito kuliko jedwali la umri. Ya kwanza ni ya urahisi: mhudumu mwenye mkoba, nyumba ishirini za kupitia na dakika kumi kwa kila nyumba anahitaji mstari mmoja usio na masharti, na ukimwongezea masharti atakosea zaidi. Hoja hii ni ya kweli, na kwa presha ninaikubali moja kwa moja, kwa sababu inaunga mkono ninachosema: 140/90 iwe ileile kwa bibi na kwa dereva, na anayeivuka apimwe tena siku nyingine na kupelekwa kituoni. Masharti ya kreatinini na HbA1c hayamhusu mhudumu wa mlangoni hata kidogo. Yanaihusu maabara, ambako kompyuta tayari ina umri na jinsi ya mgonjwa na ingeweza kuchapisha kasi ya figo chini ya jibu bila mtu kupiga hesabu. Hoja ya pili ni ya madaktari wa wazee, nayo ndiyo iliyonifanya nifikiri kwa muda mrefu zaidi. Wanasema mzee akishushwa presha kwa pupa atasimama kitandani alfajiri, kichwa kitazunguka, ataanguka, na nyonga ikivunjika huenda asiamke tena. Wako sahihi. Lakini wanazungumzia lengo la tiba, na lengo la tiba ni tofauti na mstari wa kugundua ugonjwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 wa wagonjwa wenye miaka 80 na zaidi, waliotoka nchi za Ulaya, China, Tunisia na kwingineko, presha ilishushwa kwa uangalifu kuelekea 150/80, wala haikulazimishwa chini zaidi, na vifo kwa jumla vilipungua kwa takriban moja ya tano hata utafiti ukasimamishwa mapema. Kwa kisukari pia mzee dhaifu huruhusiwa HbA1c inayokaribia 8 ili asianguke kwa sukari kushuka. Umri unabadili namna ya kumtibu na kasi ya kumtibu. Haubadili ukweli wa kama anaumwa, na mzee ambaye hajaambiwa kwamba anaumwa hawezi kutibiwa kwa uangalifu wala kwa pupa.

Yanayofuata kutokana na haya ni madogo kwa gharama. Kwenye fomu za kambi liongezwe swali la presha na sukari ya ujauzito kwa kila mwanamke aliyewahi kuzaa, na utepe wa fundi cherehani uwekwe mezani kando ya mzani. Wizara zichapishe namba ya kiuno inayotokana na Waafrika, kwa wanaume hasa. Chembe za damu zipimwe kabla ya kuamini HbA1c inayokaribia mstari. Na tafiti za kitaifa zisikomee pale ambapo picha ndiyo inaanza kubadilika: ule wa Kenya wa 2015 uliwapima watu wa miaka 18 hadi 69, na ule wa Tanzania wa 2012 uliwapima wa miaka 25 hadi 64. Rika ambalo presha ya wanawake huipita ya wanaume limeachwa nje kwa sehemu kubwa, na bajeti za dawa hupangwa kwa kuangalia waliohesabiwa. Bibi wa Tanga mwenye 162/78 pindoni mwa khanga ana miaka 67. Katika hesabu ile ya Tanzania, mtu wa umri wake hayumo.